Programu za nje zikigoma kusasishwa kwenye Linux: dalili na chanzo chake

Kompyuta nyingi za Linux hapa Lamu ni mitumba. Zimetumika maofisini kwingine, zikavushwa kutoka Mokowe kwa boti, zikawekwa Ubuntu, Debian au Linux Mint, ambazo ni aina za Linux, na leo ndizo zinazoendesha saiba za Langoni, madrasa, maduka ya Usita wa Mui na nyumba za wageni za Shela. Mfumo wenyewe hausumbui sana. Kinachosumbua ni programu za nje, yaani zile ambazo hazikutoka kwa waliotengeneza mfumo: kivinjari cha kampuni fulani, programu ya mikutano ya video, kiendeshi cha printa, programu ya hesabu za duka.

Hizi huchakaa kimyakimya, na si jambo dogo. Mtu anapoketi saiba kujaza fomu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au marejesho ya kodi ya KRA, anaandika nenosiri lake ndani ya kivinjari ambacho hajui kina umri gani. Firefox hutoa toleo jipya karibu kila wiki nne, na matoleo hayo huziba matundu ya usalama ambayo yakishazibwa hutangazwa hadharani. Kukaa na kivinjari cha mwaka juzi ni kukaa na kufuli ambalo kila mwizi ameshapewa mchoro wake. Ndiyo maana nasisitiza jambo hili hata kwa mwenye saiba anayeniambia kuwa mashine zake "zinafanya kazi tu".

Maneno ya skrini nimeyaandika yanavyotokea ili uyalinganishe na yaliyo mbele yako.

Kabla ya dalili yoyote: programu hii ilitoka wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, na mara nyingi ukilijibu umeshapata nusu ya tiba. Programu huingia kwenye kompyuta ya Linux kwa njia kadhaa, na kila njia ina namna yake ya kusasisha na namna yake ya kuharibika. Inaweza kuwa ilitoka kwenye ghala la mfumo wenyewe, yaani seva ambako programu huhifadhiwa na kupakuliwa. Au kwenye ghala la nje lililoongezwa kwa mkono. Au ni faili la .deb (faili la kusakinishia programu) lililopakuliwa na kubofywa, au ni snap au flatpak, njia mbili za kusambaza programu zinazojitegemea, au AppImage, programu ya faili moja iliyowekwa tu kwenye folda. Amri ya `apt upgrade`, ya apt ambacho ndicho kisakinishi cha mfumo, inashughulikia maghala peke yake. Snap na flatpak haizijui kabisa.

Anza hivi, kwenye dirisha la kuandikia amri (terminal):

```
apt policy jina-la-programu
ls /etc/apt/sources.list.d/
snap list
flatpak list
```

Kwenye jibu la `apt policy`, teremka hadi chini, penye jedwali la matoleo. Ukiona anwani inayoanza na `http://` au `https://`, programu ina ghala na inaweza kusasishwa. Ukiona mstari huu peke yake:

```
100 /var/lib/dpkg/status
```

basi kompyuta inaijua programu hiyo kwa sababu imo ndani yake tu. Hakuna pa kwenda kuuliza kama kuna toleo jipya. Mstari huo mfupi umeniondolea kazi nyingi, na ningependa kila anayetunza kompyuta za watu aujue kwa macho.

Angalia pia mtego wa Firefox kwenye Ubuntu 22.04 na 24.04. `apt` itakuonyesha kifurushi (programu ilivyofungwa tayari kusakinishwa) chenye namba kama `1:1snap1`, ukadhani ni toleo la ajabu la zamani. Hicho ni kifurushi cha kuelekeza tu. Firefox yenyewe ni snap, na umri wake utauona kwa `snap list`. Linux Mint haifuati njia hiyo, ina Firefox ya .deb kutoka ghala lake.

Dalili: "Kila kitu ni kipya", lakini programu ni ya zamani

Hii ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa sababu haina kosa lolote kwenye skrini. Ustadh mmoja wa madrasa aliniita kwa sababu programu yake ya mikutano ilikuwa inakataa kumwingiza darasani.

"Fundi, mimi kila Ijumaa nasasisha, na kila Ijumaa inaniambia hakuna kipya."

"Ustadh, kompyuta imekwambia kweli. Imeuliza maghala yote inayoyajua. Hii programu haimo kwenye ghala lolote."

Aliipakua kama .deb zamani, akaibofya, ikaingia, na tangu siku hiyo hakuna aliyeifuatilia. Wapo watengenezaji ambao .deb yao huweka ghala lao ndani ya kompyuta wakati wa kuingia. Google Chrome hufanya hivyo, ndiyo maana husasishwa pamoja na vingine. Wengine hawafanyi. Hata mafaili ya .deb ya LibreOffice yanayopakuliwa kwenye tovuti yao rasmi hayaji na ghala. Kupata orodha ya programu zote zilizo katika hali hiyo:

```
apt list '?obsolete'
```

Itakutolea kila kilichomo kwenye kompyuta na hakipatikani kwenye ghala lolote. Kwa kila kimoja una njia mbili: ukipate kwenye ghala, snap au flatpak, uondoe kile cha zamani, au ukubali kwamba ni jukumu lako kupakua .deb mpya kila mara. Mimi huchagua njia ya kwanza pale inapowezekana, kwa sababu jukumu la mkono husahaulika msimu wa wageni ukianza.

Chanzo cha pili cha dalili hii ni kuhamia toleo jipya la Ubuntu. Unapotoka 22.04 kwenda 24.04, kisasishaji huzima maghala yote ya nje kwa makusudi, kisha hakiyawashi tena. Fungua mafaili yaliyo ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`. Kwenye mafaili ya .list utakuta mstari umewekewa alama ya `#` mbele, na mwishoni umeandikwa `disabled on upgrade to`. Kwenye yale ya .sources utakuta `Enabled: no`. Usiyawashe yote kwa mkupuo. Thibitisha kwanza kwamba mwenye ghala anahudumia toleo lako jipya, badilisha jina la toleo, ndipo uwashe, moja baada ya jingine.

Chanzo cha tatu ni kwamba kifurushi kimefungwa kisiguswe. `apt-mark showhold` itakionyesha, na `sudo apt-mark unhold jina` itakifungua. Kabla hujafungua, muulize aliyekifunga. Mara nyingi kuna printa ya zamani inayolitegemea toleo hilo.

Halafu kuna hali ambayo si ugonjwa. Programu zinazotoka kwenye ghala la Debian hubaki na namba ileile ya toleo kwa miaka, huku matundu ya usalama yakizibwa ndani yake. Ukiona mwishoni mwa namba pameandikwa `+deb12u` na tarakimu, hiyo ni alama kwamba kifurushi kimerekebishwa baada ya Debian 12 kutoka. Usikimbilie kuongeza ghala la nje kwa ajili ya namba kubwa tu.

Dalili: `Release file ... is not valid yet`

Saa ya kompyuta iko nyuma. Maghala huweka muhuri wa wakati kwenye orodha zao, na kompyuta inayodhani leo ni Januari ya miaka kadhaa iliyopita hukataa orodha ambayo kwake "haijatengenezwa bado". Kivinjari nacho huanza kulalamika kwamba vyeti vya tovuti si halali, na mwenye kompyuta hudhani intaneti ndiyo mbovu.

Huku kwetu hili ni la kawaida mno. Kompyuta ya mitumba ina betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi aina ya CR2032, na ikiisha, saa hurudi nyuma kila stima inapokatika. Angalia:

```
timedatectl
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo timedatectl set-ntp true
```

Ikiwa mtandao unaruhusu, saa itajirekebisha yenyewe ndani ya muda mfupi. Ikishindikana, izime kwanza kwa `set-ntp false`, kisha weka wakati kwa mkono: `sudo timedatectl set-time '2025-11-03 09:40:00'`, ukibadilisha tarehe iwe ya siku yako. Kumbuka kompyuta inataka saa za kizungu, kwa hiyo saa tatu na dakika arobaini za asubuhi ni 09:40. Baada ya hapo nunua betri. Ni kitu cha bei ndogo, na bila hicho utairudia kazi hii kila umeme ukipotea.

Dalili: `NO_PUBKEY` au `EXPKEYSIG`

Kila ghala hutia saini orodha yake, na kompyuta yako inahitaji ufunguo wa kuihakiki saini hiyo. `NO_PUBKEY` maana yake ufunguo haupo. `EXPKEYSIG` maana yake ufunguo upo, ila muda wake umekwisha, na kwa kawaida mwenye ghala huwa ameshatoa mpya.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wawe wagumu. Utakuta ushauri wa kuongeza `trusted=yes` kwenye mstari wa ghala, na kweli kosa litatoweka. Lakini umeiambia kompyuta ikubali chochote kutoka anwani hiyo, bila kuhakiki, na ikiingize kwa mamlaka ya msimamizi. Kwenye kompyuta ambayo watu baki huingiza nenosiri zao, hilo halifai hata kwa siku moja.

Njia sahihi ni kwenda kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji, kupakua ufunguo mpya kwa `https`, kuuweka ndani ya `/etc/apt/keyrings/`, na kuutaja kwenye mstari wa ghala kwa `signed-by`. Faili linaloanza na `-----BEGIN PGP` lipe mwisho wa .asc, nalo litasomwa. Amri ya `apt-key` iliyojaa kwenye maelekezo ya zamani ilishatangazwa kustaafu, iache.

Ukipata `Conflicting values set for option Signed-By`, ghala moja limeandikwa mara mbili, kwa funguo mbili tofauti. Futa mstari mmoja.

Dalili: `404 Not Found` au `does not have a Release file`

Kompyuta imefika kwenye seva, lakini folda inayoitaka haipo. Kwenye Linux Mint, chanzo kikubwa ni jina. Mint 22 huitwa `wilma`, na watengenezaji wengi hawana folda ya `wilma`. Wana ya `noble`, ambalo ni jina la Ubuntu 24.04 ambayo Mint 22 imejengwa juu yake. Mint 21.3 ni `virginia`, na msingi wake ni `jammy`. Amri hii itakupa jina la kutumia:

```
grep UBUNTU_CODENAME /etc/os-release
```

Chanzo kingine ni toleo lililokwisha muda wake. Matoleo ya Ubuntu yasiyo ya LTS (LTS ni yale yanayohudumiwa muda mrefu) huhudumiwa miezi 9 tu, kisha vifurushi vyake huhamishiwa `old-releases.ubuntu.com`. Ya LTS hupata miaka 5, 20.04 ilimaliza ya kwake mwaka 2025, na 22.04 itafika 2027. Debian 10 imeshahamishiwa `archive.debian.org`. Unaweza kubadilisha anwani ili ufike huko, ila huko hakuna marekebisho mapya. Ni daraja la kuvukia tu: sasisha mara ya mwisho, hifadhi mafaili ya mwenyewe, panda toleo jipya.

Na ikiwa mashine ni ya biti 32, watengenezaji wengi wameshaiacha. Google Chrome iliacha kuhudumia Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Debian 13 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Hapo hakuna amri itakayosaidia. Mwambie mwenye mashine ukweli kabla hajalipia kazi isiyokuwepo.

Dalili: `Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT'`

Upo kwenye waifai ya nyumba ya wageni na hujaingia kwenye ukurasa wao wa kuandika namba ya chumba. Kompyuta iliomba orodha ya vifurushi, ikapewa ukurasa huo badala yake. Fungua kivinjari, ingia, rudia `sudo apt update`.

Jamaa yake ni `Hash Sum mismatch`: faili limeharibika njiani, au kuna mahali katikati palipohifadhi nakala ya zamani. Futa orodha kwa `sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*` na usasishe tena. Ikijirudia, jaribu mtandao mwingine, hata wa simu, ujue kosa liko upande gani.

Dalili: `dpkg was interrupted`

Stima ilikatika katikati ya kazi. Laptop za mitumba betri zake zimekufa, hivyo umeme ukiondoka nazo huzimika papo hapo. Vifurushi vingine vimefunguliwa lakini havijawekwa sawa. Mpangilio wa tiba ni huu, na usiugeuze:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update
```

Ikiwa unachokutana nacho ni `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, soma mstari wote. Mwishoni utakuta namba ya mchakato na mara nyingi jina `unattended-upgr`. Ni kompyuta yenyewe inayojisasisha kwa nyuma, kwa kawaida muda mfupi baada ya kuwashwa. Subiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli upo kila mahali na ni mbaya: ukilifuta huku mchakato ukiendelea, michakato miwili itaandika kwenye hifadhidata moja, na hapo utakuwa umejitengenezea ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kukosa subira. Hakikisha kwa `ps` na namba uliyopewa kwamba kazi bado inaendelea.

Dalili: bando limeisha na hakuna aliyepakua kitu

Tazama snap kwanza. Hukagua matoleo mapya mara nne kwa siku, na ikikuta, hupakua bila kuuliza. Kwa anayetumia data ya simu, mwambie mfumo kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo:

```
nmcli connection modify "jina la mtandao" connection.metered yes
sudo snap set system refresh.metered=hold
```

Kisha weka siku ya kusasisha kwa makusudi kwenye mtandao mzuri, kwa sababu kuzuia na kusahau ni kurudi kwenye kivinjari cha mwaka juzi.

Penye kompyuta nyingi chumba kimoja, kama kwenye darasa la kompyuta, upakuaji wa mara moja kwa wote ndio unaookoa data. Weka `apt-cacher-ng`, programu inayohifadhi vifurushi vilivyopakuliwa ili mashine nyingine zivichukue, kwenye mashine moja, ambayo itasikiliza kwenye mlango wa 3142, na kwenye zile nyingine andika faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy`:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";
```

Badilisha anwani iwe ya mashine yako. Mstari wa pili usiuache. Maghala mengi ya nje hutumia `https`, na bila mstari huo utapata `403 CONNECT denied` kwa programu za nje peke yake huku zile za mfumo zikisasishwa vizuri, jambo linalochanganya sana. Maana yake pia ni kwamba vifurushi vya `https` havitahifadhiwa kwa pamoja. Kila mashine itajipakulia vyake. Na mwalimu akiichukua laptop moja kwenda nayo nyumbani Matondoni, itashindwa kusasisha kwa kuwa bado inaitafuta mashine ya darasani. Kosa litataja `192.168.1.10:3142`, ondoa faili hilo kwa muda.

Dalili: `No space left on device`

`df -h` itakuonyesha kilichojaa. Kikiwa ni `/boot`, kuna kerneli (kiini cha mfumo) za zamani: `sudo apt autoremove --purge`. Kikiwa ni diski kuu, `sudo apt clean` huondoa vifurushi vilivyobaki baada ya kusakinishwa, na `flatpak uninstall --unused` huondoa misingi isiyotumika tena.

Dalili: `kept back`

Maana yake kifurushi kina toleo jipya lakini kimeachwa bila kusasishwa. Mara nyingine si tatizo. Ubuntu husambaza baadhi ya marekebisho kwa awamu, na zamu ya kompyuta yako haijafika. Matoleo mapya husema wazi `deferred due to phasing`. Lakini ikiwa kifurushi kimezuiwa kwa wiki nyingi, tafuta ghala la nje linalovutana na la mfumo juu ya kifurushi kimoja. `apt policy` itakuonyesha anwani zote mbili. Ukiamua kutumia `sudo apt full-upgrade`, soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla hujabonyeza Y. Ukiona `ubuntu-desktop` au `cinnamon` humo, jibu n.

Dalili: `externally-managed-environment`

Hii ni ya watumiao pip, chombo cha kusakinisha programu za lugha ya Python, kwenye Debian 12 au Ubuntu 24.04. Mfumo unalinda Python yake. Tumia `pipx` kwa programu, au mazingira ya `venv` kwa kazi zako. Swichi ya `--break-system-packages` inafanya hasa kile inachojiita.

Dalili: imesasishwa, lakini bado inaonyesha toleo la zamani

Programu iliyofunguliwa huendelea na toleo iliyofunguliwa nalo. Kwenye saiba, kivinjari hufunguliwa asubuhi na huenda kisifungwe wiki nzima. Mafaili mapya yapo kwenye diski, lakini mteja bado anatumia yale ya zamani yaliyo kwenye kumbukumbu. Funga madirisha yote ya kivinjari, si kichupo kimoja, kisha fungua tena. Kwa Firefox ya snap, sasisho hungoja hadi uifunge. Kwa kerneli, angalia kama faili hili lipo:

```
ls /var/run/reboot-required
```

Likiwepo, kompyuta inangoja kuwashwa upya. Kwenye saiba fanya hivyo usiku kabla ya kufunga mlango, na subiri hadi skrini ya kuingia irudi ndipo uzime umeme ukutani.